Mtaa wa wazee haukuwa na mkosi: hesabu ya vifo nilivyoijua Tanga

Kabla mtu hajaniambia mtaa fulani unaongoza kwa vifo, nataka kwanza aniambie waliokufa walikuwa na umri gani na walio hai wana umri gani. Asipokuwa navyo hivyo viwili mi sina cha kumjibu. Nimekuwa mkali kwenye hili kwa sababu nimeona hapahapa Tanga watoto wanakufa na vifo vyao havionekani kwenye ripoti, na siyo kwamba vyote havikuandikwa, vingi viliandikwa vizuri tu na mtendaji akagonga muhuri, ila vikafunikwa na hesabu yenyewe.

Kazi yangu ni takwimu za afya, ile ya kuzunguka kwenye zahanati na ofisi za kata na za mitaa, unakusanya madaftari, unaingiza kwenye kompyuta, unasafisha majina yaliyojirudia, alafu unaandika ripoti ambayo wakubwa wataifungua wakitafuta namba moja tu. Ngapi kwa elfu. Basi.

Sasa kulikuwa na mitaa miwili. Mmoja ni wa zamani, upande wa Ngamiani, zile barabara za namba, nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele, na wanaokaa kwenye hizo baraza wengi ni watu wazima sana, wastaafu wa bandari, wa reli, wa viwanda vilivyokwisha kufungwa, na mabibi waliobaki na mjukuu mmoja wawili kwa sababu watoto wenyewe wako Dar. Mwingine ni mpya, uko nje ya mji njia ya kwenda Pongwe, viwanja vimepimwa juzijuzi, vijana wamehamia na wake zao kwa ajili ya vibarua na boda na biashara ndogondogo, na ukifika pale mchana ni watoto mpaka unashindwa kupitisha pikipiki. Maji ya shida, kliniki mbali.

Maneno yaliyokuwa mjini ni kwamba ule mtaa wa zamani una kitu. Kila ukipita kuna turubai limefungwa barabarani na majamvi yametandikwa, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ya tatu yake. Wengine wakasema ni mnara wa simu, wengine kisima cha zamani, wengine wakaenda mbali zaidi, wakasoma dua ya mtaa mzima. Mwenyekiti wao, mzee ninayemheshimu sana, alinishika mkono nje ya ofisi ya kata akaniambia, "Mwanangu, sisi tunakwisha. Waambie huko juu." Na kwenye kikao hoja ilikuwa tayari imeshapikwa, kwamba fedha kidogo ya huduma za nje ya kituo iliyopatikana iende pale kwanza kwa sababu ndo penye vifo vingi, na ripoti iliyokuwa mezani ilikuwa inasema hivohivo.

Ripoti ile ilikuwa na kiwango ghafi cha vifo. Kiwango ghafi ni kitu rahisi, unachukua watu wote waliokufa ndani ya mwaka, unagawa kwa idadi ya watu wa pale katikati ya mwaka, unazidisha kwa 1000. Tunatumia katikati ya mwaka kwa sababu watu wanazaliwa, wanahama, wanakufa, kwa hiyo idadi ya Januari siyo ya Desemba na ya katikati inasimama badala ya zote. Hesabu yenyewe haina kosa. Shida inaanza pale unapochukua kiwango ghafi cha hapa ukakiweka pembeni ya kiwango ghafi cha pale ukasema huku ni hatari kuliko kule.

Chukua nchi. Japani kwa miaka ya karibuni wanakufa watu kama 12 au 13 kwa kila 1000 kwa mwaka. Sisi Tanzania tuko kwenye 6 hivi. Qatar hawafiki hata 2. Kwa hiyo mtu akisoma hivohivo atasema kuishi Tanzania ni salama mara mbili kuliko Japani, wakati Mjapani anatarajiwa kuishi karibu miaka 84 na sisi tuko sitini na kitu. Kilichopo ni kwamba Japani imejaa wazee, sisi zaidi ya asilimia 40 yetu ni watoto wa chini ya miaka 15, na Qatar imejaa wanaume wenye nguvu zao waliokwenda kufanya kazi. Umri peke yake ndo unaobeba ile tofauti kwa sehemu kubwa.

Namba halisi za ile mitaa siziweki hapa, ni misiba ya watu. Nimetunga za mfano zenye sura ileile, mtu achukue kalamu twende pamoja.

Mtaa wa zamani tuseme una watu 10,000. Chini ya miaka 15 wako 2,500, wa 15 mpaka 59 wako 5,500, wa 60 kwenda juu wako 2,000. Kwa mwaka wamekufa watoto 5, wa kati 22, wazee 80. Jumla 107, gawa kwa 10,000, kiwango ghafi ni 10.7 kwa 1000.

Mtaa mpya nao una watu 10,000. Watoto 4,500, wa kati 5,000, wazee 500. Wamekufa watoto 27, wa kati 30, wazee 25. Jumla 82, kiwango ghafi 8.2.

Kikao kinaona 10.7 na 8.2 na kinasema umeonaaa, kule kwa wazee ndo kuna balaa.

Sasa fungua kila rika. Watoto wa mtaa wa zamani, 5 kati ya 2,500, ni 2 kwa 1000. Watoto wa mtaa mpya, 27 kati ya 4,500, ni 6 kwa 1000. Mara tatu. Wa kati, mtaa wa zamani 4 kwa 1000, mtaa mpya 6. Wazee, mtaa wa zamani 40 kwa 1000, mtaa mpya 50. Yaani hakuna rika hata moja ambalo mtaa mpya una nafuu, mtoto wa pale ana hatari zaidi, kijana wa pale ana hatari zaidi, mzee wa pale ana hatari zaidi, na bado ukijumlisha wote kwa pamoja mtaa mpya unatoka msafi kwa sababu hauna wazee wa kutosha wa kufa. Hapa ndo watoto walipokuwa wamefichwa. Nilipoipata picha hii mara ya kwanza kwenye skrini niliirudia hesabu kwa mkono kwenye daftari, maana nilijua nikiisema kwenye kikao nitaulizwa na kila mtu.

Kurekebisha kwa umri ndo kunaiweka wazi hiyo kwa namba moja. Wazo lake ni hili, hebu tujifanye mitaa yote miwili ina mchanganyiko uleule wa umri, vifo vingekuwa vingapi? Unatafuta idadi sanifu, watu wa kulinganishia, wenye mgawanyo wa umri unaojulikana, na viwango vya kila mtaa unavipitisha kwa watu haohao. Ni jiwe moja la mizani, kama wauza samaki wawili pale Mgandini kila mmoja ana jiwe lake huwezi kujua nani kapunja, mpaka wote wapimie jiwe moja.

Shirika la Afya Duniani lina idadi sanifu yake waliyoitengeneza kutokana na wastani wa umri wa watu duniani kuanzia mwaka 2000 mpaka 2025. Ina marika ya miaka mitano mitano, lakini ukiyakusanya kwenye haya matatu yetu unapata kama asilimia 26 watoto, 62 wa kati, 12 wazee. Mtaa wa zamani: 2 mara 0.26, jumlisha 4 mara 0.62, jumlisha 40 mara 0.12. Inakuja 7.8. Mtaa mpya: 6 mara 0.26, jumlisha 6 mara 0.62, jumlisha 50 mara 0.12. Inakuja 11.3.

Zimepinduka. Aliyekuwa juu kashuka na aliyekuwa chini kapanda, na hakuna maiti hata mmoja aliyeongezwa wala kupunguzwa.

Jambo hili watu walishagombana nalo zamani sana. London mwaka 1844 mtaalamu wa hesabu za bima anaitwa Neison alisoma hoja yake mbele ya Chama cha Takwimu akimpinga Edwin Chadwick, mpigania usafi wa miji, ambaye alikuwa analinganisha maeneo kwa wastani wa umri wa waliokufa. Neison akaonyesha kwamba eneo lenye watoto wengi litatoa wastani mdogo hata kama afya yao haina ubaya wowote wa ziada, kwa sababu wa kufa waliopo ni watoto. Akachukua viwango vya eneo moja akavipitisha kwa watu wa eneo lingine. Karibu miaka 180 imepita na sisi bado tunakaa kwenye vikao na namba ghafi mbili mezani.

Ila kuna kitu inabidi nikiseme kwa sauti maana vijana wanaotoka chuo wanakuja wamekariri kwamba namba iliyorekebishwa ndo namba ya kweli na ile ghafi ni takataka. Siyo hivo kabisa. Ile 7.8 haipo mahali popote duniani. Hakuna mtaa ambao watu 7.8 kwa elfu walikufa, ni namba ya kulinganishia tu, ukiondoa mwenzake wa kulinganisha naye haina maana. Badili idadi sanifu na yenyewe inabadilika. Tuchukue watu wanaofanana zaidi na sisi, tufanye watoto asilimia 43, wa kati 51, wazee 6. Mtaa wa zamani unakuwa 5.3, mtaa mpya 8.6. Mpangilio ni uleule lakini namba ni nyingine, na pengo pia limebadilika, mwanzo mtaa mpya ulikuwa unazidi kwa asilimia 45 hivi, sasa unazidi kwa 63, kwa sababu idadi sanifu yenye watoto wengi inasikiliza zaidi vifo vya watoto, na vifo vya watoto ndo vilivyotofautiana sana. Marekani walikuwa wanatumia watu wao wa mwaka 1940 kama idadi sanifu, kuanzia takwimu za 1999 wakahamia watu wa mwaka 2000, na kiwango chao kilichorekebishwa kikakaribia kuwa mara mbili kwa kubadili jiwe tu. Kwa hiyo ukikuta kiwango kilichorekebishwa popote uliza kimerekebishwa kwa watu gani, kama hawajaandika kiache.

Na ile ghafi ina kazi yake ambayo iliyorekebishwa haiwezi kuifanya hata siku moja. Mzee mwenyekiti aliposema tunakwisha alikuwa anasema kitu cha kweli. Chama chao cha kuzikana kilikuwa kinaishiwa, sanda zinanunuliwa, usafiri wa kwenda makaburini unalipwa, wachangiaji wenyewe ndo haohao wanaozikwa. Misiba 107 ni misiba 107, huwezi kwenda kumwambia mzee kwamba tumekurekebisha umri sasa umebaki na 78. Eneo la makaburi, huduma ya kumtembelea mgonjwa nyumbani, dawa za presha na sukari, vyote hivyo vinapangwa kwa namba ghafi kwa sababu ndo mzigo wenyewe ulivyo. Unapouliza mzigo ni mkubwa kiasi gani tumia ghafi. Unapouliza wapi ni hatari zaidi mtu kuishi, rekebisha. Na ukishapata jibu usikae hapo, rudi kwenye marika ukaone hatari iko kwa nani, maana namba moja hata iwe imerekebishwa vizuri vipi bado inaficha.

Mitaa ni midogo, na hapa ndo wengi wanakwama. Ukigawa vifo vya mtaa kwa marika mengi unabaki na vifo vitano hapa, viwili pale, sifuri kule, na vifo vichache vinayumba sana. Ukiona vifo 5 kwa mwaka, hatari halisi iliyoko nyuma yake inaweza kuwa ya kutoa visivyofika 2 au vinavyokaribia 12, na bado 5 vikatokea kwa bahati tu ya mwaka ule. Hata wale wazee 25 wa mtaa mpya, kile kiwango cha 50 kinaweza kuwa popote kati ya 32 na 74, kwa hiyo kati ya 40 na 50 za wazee mi siapi. Tunachofanya ni kuunganisha miaka kadhaa, juu unajumlisha vifo vya miaka yote na chini unajumlisha watu wa kila mwaka, na marika tunayapanua.

Au unapindua njia. Badala ya kutumia viwango vya mtaa, unachukua viwango vya eneo kubwa, tuseme mji mzima ni 3 kwa watoto, 5 kwa wa kati, 45 kwa wazee, unauliza kama mtaa huu ungekuwa unakufa kwa viwango vya mji tungetarajia vifo vingapi. Mtaa mpya: watoto 13.5, wa kati 25, wazee 22.5, jumla 61. Vilivyotokea ni 82. Gawa, inakuja 1.34, yaani vifo vimezidi matarajio kwa asilimia 34. Mtaa wa zamani tulitarajia 125, vimetokea 107, ni 0.86. Hii mi naipenda kwa mitaa kwa sababu haihitaji kujua waliokufa wamegawanyikaje kwa umri, inataka jumla yao tu na umri wa walio hai. Ila ni ya kulinganisha mtaa na mji, kuchukua 1.34 na 0.86 ukaanza kulinganisha zenyewe kwa zenyewe kuna ulegevu ndani yake, kila mtaa umepimwa kwa umri wake wenyewe.

Lakini yote haya ni kazi ya nusu saa ukishakuwa na namba. Kazi yenyewe, ile inayokula nguvu na viatu, ni kuzipata hizo namba ziwe kweli.

Kwanza marehemu ni wa wapi. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, inapokea watu toka Muheza, Pangani, Mkinga, kila mahali. Mtu akifia pale ukimwandika kwa mahali alipofia utaupa mtaa wa jirani na hospitali vifo vya mkoa mzima, wakati watu unaowagawia chini ni wa mtaa ule tu. Lazima juu na chini wawe watu wamoja, anayehesabiwa akifa awe ni yule ambaye angehesabiwa akiwa hai. Alafu kuna kinyume chake, mtu anaumwa mjini, ndugu wanaona hali imekuwa mbaya, wanamrudisha kwao Lushoto akafie nyumbani, na mtaa wetu unabaki kama vile hajawahi kuwepo. Hii inawapata zaidi vijana wahamiaji wa ule mtaa mpya kuliko wazee wa Ngamiani ambao kwao ndo hapahapa, kwa hiyo hata kiwango tulichokipata cha watu wa kati wa mtaa mpya niliamini ni kidogo kuliko ukweli.

Umri nao. Kibali cha mazishi kinaandikwa umri aliousema aliyekwenda kukichukua, na aliyekwenda ni mpwa au jirani, anakadiria. Ukipanga umri wa waliokufa unaona vilima kwenye 60, 65, 70, 80, na mabonde kwenye 61 na 73. Kama mstari wako wa kugawa marika umepita kwenye 60 basi wa miaka 57 na 58 kibao wanavuka kuingia kwa wazee kwa sababu tu mtu kasema sitini hivi. Dawa yake ni ya zamani, kalenda ya matukio. "Shikamoo bibi, marehemu babu wakati wa uhuru alikuwa ameshaanza shule?" "Marahaba mwanangu, alikuwa keshaoa." Basi umeshapata kitu. Unashuka na matukio, uhuru 1961, Azimio la Arusha na mashamba ya mkonge kutaifishwa 1967, vita vya Kagera 1978, unaulizia marehemu alikuwa anafanya nini, ana watoto wangapi. Na haya mahojiano hayafanywi turubai likiwa bado limefungwa, unasubiri arobaini ipite, unafika na mtu wa mtaa wanaomjua, unaanza na pole na fatiha, karatasi inatoka mwisho. Wanaojua nyumba zao kwa uhakika ni watafiti kama wa Ifakara na Rufiji ambako toka miaka ya 1990 wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Sisi wa mjini tunategemea sensa, ya mwisho ni ya Agosti 2022, mkoa wa Tanga watu 2,615,597, na mtaa unaokua kwa kasi kama ule mpya sensa inauacha nyuma ndani ya miaka michache tu. Ukigawa kwa watu wa sensa wakati wameshaongezeka, unawapandishia kiwango bila haki. Kwa hiyo tulihesabu nyumba upya na mabalozi kabla ya kufikisha neno lolote kikaoni.

Na kuna wale wasiotangazwa. Mtu mzima akifa msikiti unatangaza, turubai linafungwa, chama cha kuzikana kinaandika kwenye daftari lake, na madaftari ya vyama vya kuzikana nayathamini sana, mara nyingi yamejaa kuliko ya serikali kwa sababu pale kuna hela ya rambirambi inatoka. Kichanga haingii mle. Mama mmoja wa makamo kule mtaa mpya ambaye ndo mwosha maiti wa kike, aliniambia hivi tukiwa tumekaa kwake, "Hivi vichanga mnaviandika wapi mwanangu? Maana vinazikwa alfajiri, baba na watu wawili watatu, asubuhi watu wanakwenda kazini." Sikuwa na pa kumwonyesha. Aliyezaliwa akalia, akapumua hata saa moja, huyo ameishi na kifo chake ni kifo, anatakiwa ahesabiwe. Aliyetoka hana uhai kabisa ana hesabu yake nyingine, haingii kwenye kiwango cha vifo. Tofauti hiyo huyu mama anaijua vizuri kuliko fomu zetu, maana kwake inabadilisha namna ya kumuosha, jina, na kusaliwa.

Kwenye kikao nilichora jedwali kubwa kwenye karatasi nikalibandika ukutani, marika matatu, mitaa miwili, nikaacha jumla isionekane mpaka kila mtu asome mstari wa watoto. Pakawa na ubishi mrefu, diwani hakufurahi, na kuna mtu aliuliza kama nimelipwa na watu wa viwanja vipya. Aliyenisaidia ni yuleyule mzee mwenyekiti. Aliinuka taratibu akasema, "Sisi tunakufa tumeshaona wajukuu. Hawa watoto wa wenzetu hawajaona kitu. Pelekeni kule." Akakaa, akaongeza kwamba lakini dawa za presha zisikatike. Ikaamuliwa kliniki ya mkoba iende mtaa mpya kila mwezi na mhudumu wa afya ya jamii aongezwe pale, na mtaa wa zamani ukapata mtu wa kutembelea wazee majumbani. Ule mnara wa simu hakuna aliyeutaja tena siku ile.

Sasa hivi mama mwosha maiti ana daftari lake, safu chache tu, tarehe, mtoto wa nyumba gani, alilia au hakulia, aliishi siku ngapi. Limeshaanza kujaa. Kwa hiyo kiwango cha vifo vya watoto mtaa mpya kitapanda kwenye ripoti inayofuata, na nimeshawaandikia ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya jedwali, kwamba sehemu ya kupanda huko ni watoto waliokuwa wanakufa siku zote bila kuandikwa, asije mtu akaamka akasema kliniki ya mkoba ndo imeleta vifo akaifuta. Vichanga wa siku 28 za mwanzo nimewapa safu yao peke yao, na kwenye kulinganisha na miaka ya nyuma nitawatoa mpaka daftari litimize mwaka mzima, alafu tutaanza kulinganisha wao kwa wao. Mtaa wa zamani nao nimemtafuta mwosha maiti wao, amekubali, anataka tu nimpelekee kalamu zisizovuja.